Zidisha Kwanza

Bogna alirusha dadu mbili za pande sita.
Zikagonga glasi ya chai, zikakwepa kipande cha limau,
zikatulia: nne, na tano.
Tisa. Ongeza tatu za nguvu ya mkono wake. Kumi na mbili.
Hapo hakuna aliyebisha.
Ugomvi ulianzia kwenye upanga.

Upanga huo tuliuokota kiangazi,
chini ya kanisa lililochongwa ndani ya chumvi,
na mimi mwenyewe, kwa wino wa kijani, niliandika:
Dhidi ya wafu pigo huwa maradufu.
Maneno sita. Nikajiona mwandishi.
Sikuandika pigo lipi.

Ziemowit, ambaye mchana hukagua hesabu za kampuni ya tramu,
akachomoa penseli sikioni.
"Ukizidisha kabla ya deraya," akasema,
"kumi na mbili mara mbili ni ishirini na nne,
toa saba za chuma alichovaa: kumi na saba.
Ukitoa deraya kwanza zinabaki tano,
na tano maradufu ni kumi tu.
Na kama kinachozidishwa ni dadu peke yake,
mkono wa Bogna ukaingia baadaye kama mgeni aliyechelewa,
kumi na nane, na tatu, ondoa saba: kumi na nne."
Akapiga mstari chini ya kila jibu.
Upanga mmoja, adui mmoja, majeraha matatu,
na yote yamejumlishwa sawasawa.

Nje, tramu ilikata kona, vioo vikatetemeka.
Bytom, Januari, theluji yenye rangi ya makaa.
Nyuma ya ukuta wangu wa kadibodi
palikuwa na namba niliyoiona mimi tu:
uhai, kumi na sita.
Kumi na saba inaua.
Kumi na nne inamwacha akitambaa.
Kumi inampa nafasi ya kuinua upinde.

Upinde, ndiyo. Maana adui alikuwa Mirra,
mpiga mishale wa Kalina, aliyekufa Oktoba
akishikilia mlango ili sisi tupite,
wiki ile ile Kalina mwenyewe alipopanda basi kwenda Bergen
kupasua samaki kwa mshahara mara tatu ya wa hapa
(huo nao sijui ulizidishwa kabla ya kodi au baada).
Mimi ndiye niliyemfufua. Nilihitaji zimwi la ghorofa ya tisa,
na karatasi yake ilikuwa bado kwenye faili,
doa la jamu kwenye safu ya silaha.
Sikufuta hata neno zima.
Palipoandikwa Aina: mtu
nilibadili herufi moja.

"Subiri," alisema Bogna. "Kabla hatujazidisha.
Kitabu kina majoka, wadudu, mashetani, mimea,
kina hata ule ute unaotambaa ukutani.
Yeye ni mfu tu? Hana aina ya pili?"
Nikapekua kurasa, ingawa orodha niliitunga mimi.
Hakuna safu ya mtu aliyekuazima buti zake za baridi
na hajazidai mpaka leo.
Bogna alikuwa amezivaa. Zilikuwa zinachuruzika maji chini ya meza.

Ziemowit alikuwa ameshamwandikia kwa simu.
Jibu lilifika wakati birika linaanza kulia:
"Zidisheni kwanza. Ndivyo tulivyomfanyia mfalme wa mifupa,
mmesahau? Tangu lini mnawahurumia wafu?
Niacheni nilale, nina zamu saa kumi alfajiri."

Basi. Ishirini na nne, toa saba.
Kumi na saba juu ya kumi na sita.
Nikafuta uhai wake kwa kifutio kilichokuwa chake,
kimeumwa pembeni.

Ikabaki moja.
Bogna akauliza inakwenda wapi.
Nikasema kanuni haisemi.
Ziemowit akaiandika pembeni mwa karatasi,
kama salio.